Reli chini ya korosho, Mnazi Mmoja

Mtwara mjini sina mengi ya kusimulia: bahari, joto, na chumba cha elfu 40 kisicho na feni. Kilichonifanya niandike ni Mnazi Mmoja, pale barabara za Lindi, Mtwara na Masasi zinapokutana.

Kosta yetu iliharibika hapo, na nauli ya hadi Nachingwea tulishalipa. Konda akasema lingine linakuja. Likaja, konda wake akatudai upya. Tuligoma, tukapiga kelele, likaondoka bila sisi. Hakuna aliyerudishiwa hata mia.

Nikaenda kukaa kwenye banda la mzee mmoja aliyekuwa akibangua korosho zilizochomwa. Alizipasua juu ya kipande cha chuma, kichwa cha chuma hicho kimeng'aa kwa kupondewa, kitako bapa. Mimi nimekulia Tabora, nyuma ya stesheni. Chuma kile nakijua hata gizani.

"Shikamoo babu. Reli hii umeitoa wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Huku huku. Treni tulikuwa nayo."

Akanihadithia. Reli ilianza 1949 pale Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikapandisha hadi Nachingwea kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza. Baadaye ikaja njia ya kutoka bandari ya Mtwara, zikakutana Ruo. Na Masasi nako ikafika. Yeye alipanda utotoni, kapakatwa na mama yake.

Nilishindwa kutulia. Kwetu nimezoea usiku wa stesheni: mabehewa ya Mwanza yanakatwa, ya Kigoma yanaendelea, wauza asali wanakimbia dirisha hadi dirisha. Na karanga zile zile zililimwa Urambo, mkoani kwetu! Mradi huo wa karanga wa Waingereza ulikufa 1951 kote, lakini Urambo treni inapita mpaka leo, kwa sababu reli ya Kigoma ilikuwapo tangu enzi za Mjerumani na ilikuwa na kazi nyingine. Ya huku ililetwa na karanga. Karanga zilipokosekana ikawa hasara tupu. 1962 ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Hilo ndilo linaloniuma. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani zipatazo 145,000, sehemu kubwa kutoka huku huku Kusini. Mzigo ulikuja, reli haipo! Leo malori ya makaa ya mawe yanapita mfululizo kuelekea bandarini, na abiria anapigwa nauli mara mbili juani.

Mzee akaniuliza ile reli inayosemwa kila mara, ya Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, itachukua watu au makaa tu. Nikamwambia mimi ningeanza na mabehewa ya abiria, na stesheni hapa hapa Mnazi Mmoja.

"Basi kawaambie," akasema, akanisogezea korosho. Hakutaka hela yangu.

Nachingwea nilifika usiku, kwa nauli ya pili.