Kupita kando ya asteroidi: ugumu uko kwenye sekunde

Aprili 20, 2025, chombo cha anga cha Lucy kiliipita asteroidi (jiwe linalozunguka jua) iitwayo Donaldjohanson kwa mwendo wa kilomita 13.4 kwa sekunde, kikiwa umbali wa kilomita 960. Asteroidi yenyewe ina urefu wa kilomita 8 hivi. Piga hesabu: ukikosea muda wa kufika kwa sekunde moja tu, kamera itakuwa inatazama anga tupu.

Na kosa hilo la muda ndilo gumu kulifuta. Siku za kukaribia, picha za asteroidi ikiwa kati ya nyota huonyesha vizuri kama njia imepinda kushoto, kulia, juu au chini. Umbali uliobaki hazionyeshi, kwani kitu kinachokujia usoni huonekana kama nukta ile ile. Kosa hujitokeza pale tu chombo kinapofika ubavuni mwake, na amri kutoka duniani haiwahi: siku ile ilichukua zaidi ya dakika 12 kufika.

Kwa hiyo chombo hujielekeza chenyewe. Lucy ina kamera za kufuatilia zinazotafuta doa la mwanga la asteroidi. Kompyuta hutafuta kitovu chake, hurekebisha makadirio, kisha huzungusha jukwaa lenye vifaa. Shida ni doa likiwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Ndivyo chombo cha Deep Space 1 kilivyoipita asteroidi Braille mwaka 1999 kwa kilomita 26 hivi bila kuinasa. Picha zilizopatikana zilipigwa baadaye, kutoka takriban kilomita 14,000.

Hata ukiiona, lazima uifuate. Kwa Donaldjohanson, kilele cha kasi ya kuzungusha kamera kilikuwa nyuzi 0.8 kwa sekunde. Ni kidogo? Kwenye kamera kali ya Lucy, bila kufuatilia, lenzi ikifunguliwa sehemu moja ya elfu ya sekunde tu picha ingevutika kwa pikseli 3 hivi. Tena jua nalo lilikuwa linaingia upande wa vifaa, hivyo ufuatiliaji ulisimamishwa makusudi sekunde 40 kabla ya kufika karibu kabisa.

Uzito hupimwa kwa redio: mvuto wa asteroidi hubadili kidogo mwendo wa chombo, na masafa ya mawimbi yanayofika duniani hubadilika nao. Kwa asteroidi Mathilde, iliyopitwa na chombo mwaka 1997, badiliko lilikuwa kama milimita 1 kwa sekunde. Likatosha kuonyesha densiti (uzito kwa ujazo) ya gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo, yaani jiwe limejaa matundu.

Usifute picha zinazopigwa chombo kikiondoka, ingawa wengi huziona za ziada. Novemba 2023 Lucy ilipoipita asteroidi Dinkinesh, picha za kwanza zilionyesha mwezi mdogo mmoja, Selam. Zile zilizopigwa dakika chache baadaye, kwa pembe nyingine, zikaonyesha kwamba Selam ni mawe mawili yaliyogusana; mwanzoni moja lilikuwa limejificha nyuma ya jingine.