Nilivyofunga Ramadhani ndani ya kimya cha Nyepi

Nilifika Ubud, katika kisiwa cha Bali nchini Indonesia, siku nne kabla ya Nyepi ya mwaka 2025, nikiwa peke yangu na nikiwa nimefunga. Nyepi ni mwaka mpya wa Wahindu wa Bali kwa kalenda ya Saka. Mwaka huo, ambao kwao ni 1947, iliangukia Jumamosi tarehe 29 Machi, na kwa hesabu ya Waislamu wa Indonesia, niliyoifuata, siku hiyo ilikuwa mwezi 29 Ramadhani.

Kwetu Unguja nimekua nikidhani Uhindu ni dini ya Wahindi tu, wale tuliozoea kuwaita Mabaniani. Bali niliwakuta watu wa kisiwa wenye Uhindu wao wenyewe, na mengi yao yalinirudisha nyumbani. Mama mwenye nyumba niliyopanga, niliyemwita Ibu kama wote wanavyomwita, alikaa kila asubuhi barazani akitengeneza sadaka ziitwazo canang sari. Alikunja chane za kuti changa la mnazi, akazibana kwa kijiti cha mwanzi hadi zikawa kisahani cha pembe nne, kisha akapanga maua: meupe upande wa mashariki, mekundu kusini, ya manjano magharibi, ya buluu kaskazini. Juu yake alinyunyiza majani ya jamii ya mkadi yaliyokatwa nyembamba, na harufu yake ilinikumbusha kikuba cha harusi. Nilipomwuliza kibla, alinionyesha maua ya manjano. Nikaelekea huko, nikageuka kidogo kaskazini, na dira ya simu ikakubali.

Ibu ndiye aliyenieleza masharti manne ya Nyepi: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya pili hakuna moto wala taa, hakuna kazi, hakuna safari, hakuna starehe. Uwanja wa ndege hufungwa, data za simu hukatwa, na mgeni hatoki nje ya geti. Husemwa kwamba pepo wabaya wakipita juu wakaona giza na kimya hudhani kisiwa hakina watu, wakaenda zao. Lakini Ibu alisisitiza zaidi kwamba ni siku ya mtu kujitazama nafsi yake. Yeye hufunga saa 24 bila chakula, bila maji na bila kusema neno. Kufunga wao pia huita puasa, kama Waislamu wa Indonesia, kwa hiyo tuliulizana «puasa?» na tukaelewana vizuri.

Usiku wa kuamkia Nyepi vijana walibeba ogoh-ogoh, masanamu makubwa ya mashetani ya mianzi na karatasi, wakayazungusha kwenye njia panda kwa kelele nyingi. Mimi nilikuwa chumbani nikijiandaa. Nilinakili nyakati za sala kwenye karatasi, nikajaza ndoo ya maji, nikapanga kitandani tende, ndizi na wali uliopikwa ndani ya majani, kila kitu mahali pake ili mkono ukijue gizani.

Mchana ulipita kwa urahisi, nikisoma Kurani dirishani na kusikia majogoo na upepo tu. Magharibi ilipoingia Ibu alikuwa uani akiwa bado na masaa mengi ya kiu mbele yake, nami nikageukia ukutani kufungua tende yangu, kwa sababu niliona haya kunywa maji mbele ya uso wake.

Kosa nililifanya muda mfupi baadaye. Nilikwenda kutia udhu na mkono, kwa mazoea, ukawasha taa ya bafuni. Haikupita hata dakika tano, sauti ikaita getini. Walikuwa pecalang, walinzi wa mtaa wenye shuka za mirabaraba ya nyeusi na nyeupe, na hawakumwita mgeni, walimwita mwenye nyumba. Bapak, mume wa Ibu, alisimama gizani akiomba radhi kwa ajili yangu, kisha akaja akatundika kitambaa cheusi kwenye tundu la bafu, bila kunilaumu. Nililia, maana hadi saa ile nilijihesabu mtazamaji, kumbe nyumba nzima ilikuwa imenibeba.

Usiku huohuo ulikuwa wa kutazama mwezi, na sikuwa na njia ya kuuliza kama umeandama. Nilikuwa nimesoma mapema kwamba kwa hesabu za falaki mwezi ulikuwa haujazaliwa jua lilipokuchwa Bali, nikaamua kukamilisha thelathini. Hata hivyo nilitoka uani. Mawingu yalikuwa yamefunguka upande mmoja, na nyota zilijaa kuliko nilivyowahi kuziona. Ibu alinishika mkono, akanyoosha kidole juu, tukasimama hivyo kwa muda mrefu.

Daku niliila kwa kupapasa. Saa kumi na mbili asubuhi pikipiki ya kwanza ilipita, simu ikaamka na ujumbe wa mama kutoka nyumbani: «Huko mmeuona mwezi?» Nilikwenda jikoni kumwomba radhi Ibu kwa ile taa. Alikuwa ameshika gilasi ya maji, ya kwanza tangu jana. Aliniuliza, «Puasa?» Nikamjibu ndiyo. Akageukia ukutani, ndipo akanywa.