Hesabu Isiyongoja Jioni

"Binti, kwa nini hesabu hii ya jumla ya ghala isisubiri jioni, karani akishamaliza kupima?" Mkuu wa kitengo aliniuliza hivyo Jumanne, amesimama nyuma ya kiti changu, nami nikamjibu, "Nitalitazama, mkuu," jibu la adabu ambalo tangu hapo limenikaa kooni. Wageni wa posa ya Mwanaidi wamekuja na kuondoka, mnada wa kwanza wa korosho umepita, na mimi bado nairudia sentensi ile, hasa neno lake la jioni, kana kwamba mkulima aliyesimama mbele ya mizani angekubali kuambiwa jumla yake jua likishazama.

Hesabu hiyo hufanywa na programu ya mizani ya ghala la korosho, ambamo karani huandika jina la kila mkulima anayepimiwa; nimeiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na dirisha lake ni la Tkinter, sehemu ya Python ya kutengenezea madirisha na vitufe. Dirisha hilo linaendeshwa na kitanzi kimoja kinachopokea matukio moja baada ya jingine: kitufe kimebonyezwa, herufi imeandikwa, sehemu fulani inataka kuchorwa upya. Hesabu ikikishika kitanzi kwa sekunde tatu, karani ataandika jina la mkulima bila kuona hata herufi moja, na kabla hazijajitokeza atakuwa ameshabonyeza kitufe cha kuhifadhi mara ya pili. Ndiyo maana sikutumia time.sleep, amri ya kusubiri ambayo hulaza dirisha zima, bali after, amri ya Tkinter ambayo hupanga kazi ya baadaye na kukiacha kitanzi kiendelee.

Lakini after hupanga mara moja tu, hivyo kila mzunguko wa hesabu hauna budi kujipangia unaofuata, na hapo ndipo pana jambo ninalolipenda kuliko yote katika programu hii. Ukipanga milisekunde 1000, yaani sekunde moja, baada ya kumaliza kazi iliyochukua 300, mzunguko wako umeshakuwa wa 1300, na ucheleweshaji huo unalimbikizana kimyakimya kutwa nzima. Kwa hiyo naweka kumbukumbu ya wakati ambao mzunguko ulipaswa kuanza, kwa kutumia time.monotonic, saa ya Python ya kupimia muda, ambayo haiyumbi hata mtu akirekebisha saa ya kompyuta, kisha napanga muda uliobaki tu. Kazi ya kujumlisha ghala zima nimeikabidhi kwa uzi wa pembeni, yaani mkondo wa pili wa kazi unaokwenda sambamba na kitanzi ndani ya programu ileile, ambao nimeukataza kugusa dirisha: unaweka jibu kwenye foleni, na dirisha linaichungulia foleni hiyo kila milisekunde 100.

Haya yote nilitaka kumwambia Jumanne, na usiku nimeyasema peke yangu kwa namna nyingi, nyingine za ukali.

Ijumaa nilikwenda ghalani. Karani, Mama Zuhura, alikuwa akiandika jina refu la mkulima mmoja, gunia likiwa bado juu ya mizani, na jumla ya ghala ikabadilika pembeni ya kidole chake. Hakusita wala hakuinua macho. Nilisimama pale nikajisikia mwepesi ajabu. Njiani nikawaza kwamba mkuu huletewa taarifa ya jioni tu, kwa hiyo swali lake lilikuwa swali la kweli, na linastahili jibu la kweli. Jumatatu nitamwomba tufuatane ghalani saa nne asubuhi, foleni ya wakulima ikiwa ndefu.