Vipele vya ndevu: nilivyovimaliza bila kufuga ndevu

Wenye ndevu za kipilipili mnanielewa. Ukinyoa leo unapendeza, kesho kutwa shingo nzima inawasha, kola ya shati ikigusa tu unasikia moto. Mimi sa hivi shingo yangu ni laini na najivunia kabisa, ila imebidi niandike kwa sababu ushauri mbovu niliopewa bado naukuta kila saluni na unanikera.

Wa kwanza ni spiriti. Kinyozi akimaliza anailowesha pamba anakupaka, ukishtuka anakwambia "vumilia kaka, inaua vijidudu". Inachoma, inakausha ngozi, na vipele viko palepale, kwa sababu havianzi na vijidudu, vinaanza na unywele wenyewe. Ndevu zetu zimejikunja tangu kwenye shina, ukikata chini sana unaacha ncha kali, ikianza kukua inapinda na kuchoma ngozi ya pembeni, mwili unaichukulia kama mwiba basi panavimba.

Wa pili ulitoka kwa shemeji, eti ninunue ule wembe wa kisasa wenye makali matano. Jamani. Siku ile nilitoka bafuni najishika shika shingo, hakuna hata kinachokwaruza, shemeji anachekelea "si nilikwambia!" Zilipopita siku chache nikavimba kuliko nilivyowahi kuvimba, chini ya taya kote, vingine na usaha kabisa, kugeuza shingo ikawa kazi. Baadaye ndo nikaelewa zile nyembe zinavyofanya kazi, kali la kwanza linauvuta unywele juu, yanayofuata yanaukata, halafu unarudi chini ya usawa wa ngozi na kuanza kukulia humo humo ndani. Yaani ule ulaini tunaousifia ndo ugonjwa wenyewe!

Nilichofanya ni kuacha kunyoa kabisa karibu mwezi. Kazini nilimweleza bosi mapema, akanielewa. Nywele zikishakuwa ndefu nyingi zinajinasua zenyewe. Zile zilizogoma, na hapa ndo utamu wa mambo, nilikuwa naweka kitambaa cha maji ya moto kiasi kama dakika kumi, nasimama kwenye kioo na tochi ya simu, unaona kabisa uzi mweusi chini ya ngozi, ncha imezama, katikati ndo panaonekana. Sindano iliyopitishwa moto ikapoa, naipenyeza chini ya ule uzi na kuunyanyua taratibu mpaka ncha itoke. Hapo unaishia, USIUNG'OE, ukiung'oa unaota tena ndani. Raha ya kuona ncha inachomoka siwezi kuielezea. Na kila usiku nilisugua kidogo kwa mswaki laini mpya kwa kuzungusha, unazuia ncha zisizame.

Sa hivi natumia mashine yangu mwenyewe, niliipata kwa elfu thelathini na kitu, naacha vinywele vya kama milimita moja hivi. Mtu wa pembeni anaona umenyoa. Saluni naenda nayo, kinyozi alinuna kidogo mwanzoni, sasa kazoea, na magonjwa ya mashine ya kuchangia nayo nimeyakwepa. Ukilazimika kutumia wembe basi uwe wa kali moja, nyoa baada ya kuoga maji ya moto, usivute ngozi, fuata nywele zinakoelekea. Pitisha kiganja kwanza, za kwangu za koromeo zinalala upande wa kushoto, miaka yote vinyozi walikuwa wanapandisha tu juu.

Kuna watu watakupa tyubu ya krimu kali zile zenye betamethasone. Vipele vinanywea haraka kweli, lakini kupaka kwa muda mrefu kunafanya ngozi kuwa nyembamba na rangi kubadilika, bila daktari usiguse. Vya kisogoni pia usivichezee na sindano, vinaweza kuacha makovu makubwa ya kuvimba, hivyo vipeleke hospitali mapema.

Madoa meusi yanachelewa kuondoka kuliko vipele, usikimbilie mkorogo. Mimi nilipaka losheni ya kuzuia jua tu nikayaacha, ya mashavuni yakatangulia kufifia, ya chini ya kidevu ndo yalisumbua.