Kupanga santuri za jazi kwa tarehe ya kurekodiwa: nimefika 1961

Hali ya mradi: rafu za juu zimeshajaa na kukaa sawa, sasa nimeanza kushuka. Kwa ambaye hajui mradi wenyewe ni upi, nimetoa santuri na sidii zangu zote za jazi kwenye mpangilio wa majina ya wanamuziki, nazipanga upya kwa tarehe muziki uliporekodiwa, siyo mwaka albamu ilipotoka dukani, halafu nazisikiliza kwa mfuatano huohuo bila kuruka hata moja. Albamu iliyorekodiwa kwa siku mbili tatu inakaa kwenye siku yake ya kwanza. Ile mikusanyo ya vibao bora nimeiweka pembeni kabisa, haina siku yake.

Na siku ndo jambo lenyewe. Jazi ni muziki wa siku fulani, watu wamekutana, wamepiga, wameondoka, wakirudi kesho na wimbo uleule unakuwa kitu kingine. Sasa ukiipanga kwa majina unaona mtu tu, anakua, anabadilika, anazeeka. Ukiipanga kwa tarehe unaona nani alikuwa anapiga nini siku ileile, na hapo masikio yanafunguka kweli.

Rafu ya kwanza, kabla ya 1942, nimekwenda haraka, mengi ninayo kwenye sidii. Kilichonishika ni zile dakika tatu. Santuri ya inchi 10 ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu kwa upande mmoja, basi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzungukazunguka. Msikilize Coleman Hawkins tarehe 11 Oktoba 1939 kwenye Body and Soul: melodi anaigusa kidogo tu mwanzoni, anaiacha, anauzunguka wimbo mara mbili, na kila anavyosogea saksafoni inazidi kupanda na kujaa, halafu imeisha. Hajapoteza noti. Wapo watu siku hizi wanapewa dakika 12 za solo, yaani kupiga peke yao mbele, hawafikishi nusu ya aliyoyasema pale. Kuruka nimejikataza ila kurudia ruksa, na hiyo nimeirudia jioni nzima.

Halafu kuna pengo. Nilivyomaliza 1942 rafu ikakatika, santuri zinaanza tena kuwa nyingi 1944 na 1945. Nilikuwa naijua sababu, ila kuiona kwa macho kwenye rafu yako mwenyewe ni kitu kingine: chama cha wanamuziki cha Marekani kiligoma kurekodi kuanzia tarehe 1 Agosti 1942 kwa kudai malipo kutoka kampuni za santuri, na Columbia na Victor hawakukubali mpaka Novemba 1944. Ni miaka ileile bibopu, mtindo mpya wa jazi wa kasi, ilikuwa inapikwa. Bendi ya Earl Hines ya 1943 ilikuwa na Charlie Parker na Dizzy Gillespie ndani yake, wote wawili, na hakuna studio iliyoirekodi. Ndo maana mtu akisikiliza rekodi za 1945 anaona kama muziki umedondoka tu toka mbinguni, wakati ulikuwepo, ulikuwa unapigwa kila usiku. Nimeacha nafasi tupu hapo kwenye rafu makusudi, upana wa kiganja, na sitaijaza.

Miaka ya 50 imenifanya niwe na msimamo mkali zaidi kuhusu rekodi za konsati. Toronto, ukumbi wa Massey Hall, 15 Mei 1953: Parker, Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach jukwaa moja, viti vingi vitupu kwa sababu usiku huohuo kulikuwa na pambano la ngumi la Rocky Marciano na Jersey Joe Walcott. Mingus aliona besi yake haisikiki kwenye tepu akairekodi upya juu yake. Namwelewa, lebo, yaani kampuni iliyotoa santuri, ilikuwa yake yeye na Roach na besi kweli ilikuwa imezama, lakini ukisikiliza toleo lisilo na nyongeza unasikia watu watano wakisukumana chumba kimoja, na hilo ndilo ninalobaki nalo. Ya Duke Ellington, tamasha la Newport, 7 Julai 1956, ilikuwa mbaya zaidi, albamu iliyouzwa enzi hizo sehemu kubwa ilipigwa upya studio na makofi yakaongezwa. Paul Gonsalves, mpiga saksafoni wake, aliuzunguka wimbo mara 27 kwenye solo yake watu wakainuka kucheza, na alikuwa amesimama kwenye maiki isiyo ya Columbia, kampuni ya albamu hiyo, ilikuwa ya redio ya Voice of America. Mpaka 1999 ndo tepu mbili zikaunganishwa tukamsikia vizuri. Kama una ile ya zamani tu, tafuta ya 1999, hii siyo suala la ladha.

Sasa 1959. Hapa nilikaa muda mrefu kuliko kote na ningekaa zaidi. Miles Davis, albamu ya Kind of Blue, 2 Machi na 22 Aprili. John Coltrane yuko studio na Giant Steps 4 Mei, anaendelea tarehe 5, na tarehe 5 hiyohiyo, New York hiyohiyo, Mingus anaanza Ah Um. Ornette Coleman anaingia studio 22 Mei kule Hollywood. Dave Brubeck anaanza Time Out 25 Juni. Zikiwa kwenye majina hizi zilikuwa mbalimbali kabisa, sasa zinagusana. Na ya Miles, ya Mingus na ya Brubeck zimerekodiwa jengo moja, studio ya Columbia ya mtaa wa 30, kanisa la zamani lenye dari juu sana, na ukizisikiliza mfululizo unaanza kulisikia jengo lenyewe: toazi likigongwa sauti haifi palepale, inapanda kwanza. Miaka yote nilidhani huo ni upigaji wa Jimmy Cobb, mpiga dramu wa Kind of Blue, na ni yeye ndiyo, ila na dari nayo ipo.

Hapohapo kwenye Kind of Blue kuna la kujaribu mwenyewe. Siku ile ya 2 Machi mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inazunguka taratibu kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo upande wa kwanza wa santuri ukipigwa kwa spidi ya kawaida unatoka juu ya sauti yake halisi. Walisahihisha 1992 kwa kutumia tepu ya akiba, ya mashine nyingine. Weka santuri ya kabla ya hapo, uache wimbo wa kwanza, So What, uanze, bonyeza noti ya D kwenye kinanda kilichotyuniwa vizuri uishikilie: hazikutani, ya santuri imekaa juu kidogo, tofauti ndogo ila ukishaisikia haikutoki tena. Kwenye ya 1992 zinakaa pamoja na tarumbeta ya Miles inakuwa nzito, na mi naona huzuni yake inaongezeka. Wapo wanaoitetea ile ya zamani kwa kuwa ndiyo waliyokua nayo. Sikubaliani nao. Waliopiga hawakupiga vile.

Na wiki hii nimefika kwa mpiga piano Bill Evans, klabu ya Village Vanguard, Jumapili ya 25 Juni 1961, na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu. Glasi zinagongana, mtu anacheka, watu wanapiga stori zao wakati LaFaro anapiga vitu ambavyo mpaka leo wapiga besi wanavisomea. LaFaro alifariki kwa ajali ya gari tarehe 6 Julai, akiwa na miaka 25 tu. Mwanzoni mwa siku ile umeme ulikatika katikati ya wimbo wa kwanza, na kwenye toleo kamili wameacha hivyohivyo, tepu inameza muziki kisha inarudi. Wangeisafisha ningeudhika. Kwenye konsati siku hizi nakaa upande wa besi, hata kama piano haionekani, kwa sababu ya siku hii moja, na kama ukumbi ni mdogo naomba sana wasiweke spika kubwa, besi ya mbao ina sauti yake na spika zinaigeuza ngurumo.

Kuhusu kununua, maana kupanga huku kunanionyesha nina nini na sina nini. Chapa za kwanza za kampuni ya Blue Note zenye jina la Rudy Van Gelder, fundi wa kurekodi, lililochongwa karibu na karatasi ya katikati ni nzuri kweli, kazi yake naiheshimu sana, ila sitalipa pesa ya kununulia rafu nzima kwa ajili ya mchongo. Muziki wa kabla ya 1958 nautafuta kwa mono, yaani sauti ya njia moja. Ikiandikwa kwenye kava kwamba imegeuzwa stereo kwa elektroniki, iache dukani, ni mono iliyopasuliwa vipande viwili. Na ukikagua santuri iliyotumika usisikilize wimbo wa kwanza, peleka sindano kwenye wimbo wa mwisho, karibu na katikati, pale tarumbeta inapopanda: ikikwaruza na kupasuka mfereji umeshaliwa, haurudi. Vile vidukuduku vya tik tik mara nyingi ni vumbi tu, osha.

Inayofuata ni 1962, na baada yake kuna jozi ninayoisubiri kwa hamu. Tarehe 6 Machi 1963 Coltrane na kundi lake la watu wanne walirekodi kwenye studio ya Van Gelder muziki ambao haukutoka mpaka 2018, na kesho yake, tarehe 7, studio ileile, wakarekodi na mwimbaji Johnny Hartman zile nyimbo taratibu za mapenzi. Nitazipiga usiku mmoja, zote mbili, kwa mpangilio wake.