Siku moja steshenari: kamshale kadogo kwenye kioo

Saa 1:15 asubuhi. Nafungua steshenari yetu hapa Morogoro, hatua chache kutoka stendi ya Msamvu. Kabla hata ya kufagia nawasha kompyuta ya mbele, maana ni nzito kuamka kuliko mimi. Ikiwaka nakutana na aibu yangu: aikoni zimejaa kioo kizima. "CV mpya", "CV mpya mpya", "barua ya mzee", picha za pasipoti za watu nisiowakumbuka. Mteja akisema "niwekee hapo hapo, narudi", hapo hapo ndiyo desktopu.

Saa 2:00. Mwalimu kaingia mbiombio, fleshi mkononi. Anataka nakala 120 za mtihani, na unaanza saa 3:30.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Fanya haraka, mwanangu."

Nachomeka fleshi. Faili lipo, limeandikwa Biolojia Kidato cha Pili. Nabofya mara mbili, kompyuta inasema haioni kitu. Nasogeza macho: pembeni mwa aikoni, chini kushoto, kuna kamshale. Ukubwa KB 2. Mtihani wenye mchoro wa moyo, KB 2?

"Mwalimu, hii ni njia ya mkato tu. Mtihani wenyewe umebaki shuleni."

"Umebakije, na jana nimeufungua kwenye fleshi hii hii?"

"Uliufungulia kwenye kompyuta ile ile ya shule. Pale njia inajua pa kwenda. Ni kama umeandikiwa kikaratasi kuwa ufunguo uko chini ya zulia, ukasafiri na kikaratasi."

Akacheka nusu. Simu ikapigwa, mwenzake akautuma kwa WhatsApp, na saa 2:40 mashine ikaanza kutema karatasi.

Saa 4:00. Wateja wamepoa, nikaamua leo ni leo. Mwaka jana kompyuta hii iligoma, fundi akapiga Windows upya, na kila kilichokaa desktopu kikaenda na maji. Desktopu inakaa diski C, pamoja na Windows yenyewe. C ikifutwa, nayo imefutwa. Kazi za wateja zilizokuwa D, sehemu nyingine ya kuhifadhia, hazikuguswa. Basi nikatengeneza folda tatu kule D: Wateja, Fomu, Picha. Nikahamishia mafaili yote, kisha nikashika Alt na kuburuta kila folda hadi desktopu. Ukiburuta na Alt, folda haitoki ilipo. Kinachotua ni njia ya mkato. Fomu, ambayo naifungua mara 30 kwa siku, nikaipa na vitufe vyake: bofya kulia, "Properties", kwenye kisanduku cha "Shortcut key" bonyeza F, inajiandika Ctrl + Alt + F.

Zikafuata tovuti. RITA ya vyeti vya kuzaliwa, NIDA ya vitambulisho, TRA ya kodi, Ajira Portal ya kazi za serikali: nafungua ukurasa, napunguza dirisha, nashika kialama kilicho kushoto mwa anwani nakivutia desktopu. Hili nalipenda kuliko yote. Vijana wetu huandika jina kwenye Google na kubofya chochote kilichotangulia, hata kama ni tovuti ya mjanja fulani anayekusanya namba za watu.

Saa 7:00. Chakula. Wali maharage, hakuna la kusimulia.

Saa 8:20. Kijana wa fildi kanifuata uso umemshuka. "Dada, nimefuta Excel." Alikuwa akinisaidia kusafisha. Nikamwonyesha: aliyoifuta ilikuwa na kamshale, programu iko palepale kwenye menyu ya Start. Tukaiburuta tena desktopu. Nikamkanya lakini: aangalie kamshale kabla ya kubonyeza Delete, kwa sababu faili lisilo na kamshale likifutwa ndilo limefutwa.

Saa 10:00. Mwanafunzi wa chuo kaleta fleshi ambayo mafolda yake yote yamegeuka njia za mkato. Hapo usibofye kitu! Ni kirusi, kimeyaficha mafolda halisi na kuweka mishale badala yake, ukibofya unakiamsha. Nikapitisha antivairasi, halafu kwenye dirisha jeusi la amri (Command Prompt) nikaandika amri ya kuyafichua mafolda, attrib -h -r -s /s /d F:\*.* (fleshi yake ilisoma F). Ripoti yake ya mafunzo ikachomoza. Akataka kunikumbatia, nikamwambia kwanza alipie.

Saa 12:30 jioni. Navuta geti, mwalimu yule yule huyo. Anataka mtihani wenyewe kwenye fleshi safari hii. Nikanakili. Kabla sijachomoa akavaa miwani, akainamia kioo.

"Una kamshale?"

"Hauna, mwalimu."

"KB ngapi?"

"MB 3."

"Haya, chomoa."