Malaria ya Newboro

Ukiutaja mfereji wa Rideau kwa Watanzania wenzangu hapa Ottawa, wengi wanakumbuka barafu ya Februari na watu wanaoteleza wakiwa wamejifunika hadi puani. Mimi naupenda kiangazi, tena mbali na mji, kule kwenye mapito membamba ambako mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 10 kwa saa na hakuna wa kukupigia honi.

Boti ni ya mume wangu na mwenzake wa kazini, ya mtumba, ina jiko dogo la gesi na choo ambacho sitaki kukizungumzia. Safari hii tulikuwa na Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza. Tuling'oa nanga Smiths Falls, tukaelekea kusini.

Kwa asiyeujua: kutoka Ottawa hadi Kingston ni kilomita 202, lakini iliyochimbwa hasa ni kama 19 tu. Kwingine ni mito na maziwa yaliyoinuliwa kwa mabwawa. Waingereza waliujenga kati ya 1826 na 1832, baada ya vita vya 1812, wakihofia Wamarekani wangewafungia mto St. Lawrence. Wamarekani hawakuja. Kanali John By, aliyesimamia kazi, aliitwa Uingereza kujibu maswali ya fedha, akafa 1836.

Malango ya maji, yanayoinua au kushusha boti kutoka usawa mmoja wa maji hadi mwingine, ndiyo yaliyomkosha Mama. Unasubiri kwenye gati penye mstari wa buluu, mhudumu anakuita, unaingia taratibu kwenye chumba cha mawe, lango linafungwa nyuma yako. Halafu vijana wawili wanazungusha winchi za chuma kwa mikono, mmoja kila upande, maji yanaanza kuchemka chini ya boti. Malango machache yamewekewa umeme. Mengine yote bado ni misuli. Injini inazimwa. Ukutani zinaning'inia nyaya nene: unapitisha kamba nyuma ya waya na kubaki umeishika, mtu mmoja omo, yaani mbele, na mwingine tezi, yaani nyuma. Usiifunge! Maji yakishuka boti yako itabaki inaning'inia. Mume wangu alianza kumweleza Mama, naye akamkata: "Baba, mimi nimekulia Pangani." Akachukua kamba ya tezi, na hakuirudisha hadi mwisho wa safari.

Tukavuka ziwa Big Rideau, tukapita lango la Narrows, tukafika Newboro. Hapo ndipo kilele: ukitoka Ottawa unapandishwa lango kwa lango, na kuanzia Newboro unateremka kwenda Kingston. Maboya ya kuonyesha njia nayo yanabadilika. Jekundu lililokuwa kuliani sasa unaliacha kushotoni, na asiyelijua hilo atauona mwamba kwa karibu.

Newboro kuna makaburi ya askari wahandisi waliochimba pale. Mama alitaka kujua walikufa na nini. Nikamwambia: malaria, wengi wao.

"Malaria? Huku kwenye theluji?"

Ndiyo, huku. Anofelesi, mbu wanaoeneza malaria, wapo Kanada hadi leo, na kiangazi cha 1828 homa iliwalaza watu hapo hadi kazi ikakwama; mkandarasi akaondoka, jeshi likaingia. By mwenyewe aliugua. Inakadiriwa watu 1,000 hivi walikufa katika ujenzi mzima, kwa maradhi na ajali, wengi wao vibarua wa Kiayalandi na Wafaransa wa Kanada. Kwinini, dawa ya malaria, ilikuwepo, ila kwa bei isiyomfaa kibarua. Lawama wakaitupia hewa chafu ya kinamasi, wakafyeka miti ili upepo upite.

Mama ni muuguzi mstaafu. Aliuliza kama ni ile aina ya malaria inayojificha kwenye ini. Nikamjibu kwamba wataalamu wanasema ni hiyo, vivax. "Basi majira yote ya baridi ilikuwa imelala ndani ya watu," akasema, akaenda kuvaa soksi na kujipaka dawa ya mbu, ingawa nilimweleza kwamba ugonjwa ulishatokomezwa zamani.

Malango yanayofuata, Chaffeys na Davis, ni pazuri, nitaandika siku nyingine. Jones Falls ndiko kwa kufunga boti ukalala, kwa kibali cha usiku. Malango manne yanakuteremsha karibu mita 18, na kando yake kuna bwawa la mawe la umbo la tao, refu kwenda juu kuliko yote Amerika Kaskazini lilipomalizika. Mkandarasi wake alikuwa fundi mawe John Redpath, ambaye baadaye alifungua kiwanda cha sukari Montreal. Jina lake liko kwenye pakiti ya sukari tuliyokuwa nayo botini. Mama aliigeuza ile pakiti, akauliza vibarua wao waliachiwa nini. Hakungoja jibu; chai ilikuwa imechemka.

Malango hufungwa katikati ya Oktoba. Ukiwa na mzazi, nenda Septemba: foleni fupi, mbu wamepungua, na makoti chukua mawili.